Feni ya nje ikisimama: mota mpya au kiyoyozi kipya?

Kila ifikapo Oktoba mji wa Songea hubadilika. Baridi ya Juni na Julai imekwisha, mvua bado haijaanza, na jua la mchana huwakumbusha wenye nyumba za wageni, maduka ya dawa na ofisi kwamba kiyoyozi kilichokaa miezi kadhaa bila kuwashwa sasa kinatakiwa kazini. Ni majira hayo hayo ambapo wanunuzi wa mahindi na korosho wanapita mjini, na mgeni anayelipia chumba chenye kiyoyozi hataki kusikia habari za fundi.

Hapo ndipo kasoro moja hujitokeza mara nyingi. Chumba hupoa kwa dakika kumi hivi, kisha hewa inayotoka inakuwa ya kawaida. Ukitoka nje unakuta mashine inavuma lakini feni imesimama, au inazunguka kwa uvivu. Mwenye mali huambiwa moja kati ya mambo mawili: nunua mota, au nunua kiyoyozi kingine.

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kukuta hapa habari za mazao, mbolea na vifaa vya ujenzi. Wiki hii tunaeleza kifaa kidogo cha nyuma ya nyumba, kwa sababu uamuzi unaofanywa juu yake ni uamuzi wa mtaji. Ukifanywa kwa mpangilio, gharama huwa ndogo. Ukifanywa kwa haraka, mfanyabiashara hununua kitu kisichohitajika, au hununua kinachohitajika mara mbili.

KAZI YA FENI YA NJE

Kiyoyozi cha kawaida cha nyumbani kina sehemu mbili. Ya ndani hunyonya joto la chumba. Ya nje hulitupa joto hilo hewani. Katikati gesi huzungushwa na kompresa, ambayo ndiyo moyo wa mashine na ndiyo sehemu ya bei kubwa kuliko zote.

Gesi inapotoka kwenye kompresa huwa ya moto na yenye msukumo mkubwa. Hupita kwenye mabomba yaliyofunikwa kwa mapezi membamba ya aluminiamu, na feni huvuta hewa kupita katikati ya mapezi hayo ili joto liondoke. Feni ikisimama, joto halina pa kwenda. Msukumo wa gesi hupanda, kompresa huvuta umeme mwingi zaidi, na baada ya muda mfupi kinga yake ya joto huikata. Ikipoa huwaka tena, kisha hukatika tena.

Mchezo huo ndio unaoua mashine. Mota ya feni ya kiyoyozi cha nyumbani kwa kawaida ni ya wati kati ya 20 na 60 hivi. Ni kitu kidogo, lakini kompresa inayolazimishwa kuwaka na kuzimika kwa joto siku nzima inaweza kuungua, na hapo gharama inahama kutoka kwenye kipuri kidogo kwenda kwenye mashine nzima.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza haihitaji fundi: ukiona feni ya nje imesimama huku kompresa inavuma, zima kiyoyozi mara moja. Usiseme "ngoja kimalize usiku huu kwa sababu mgeni ameshalipa". Mhamishe mgeni chumba au mrudishie tofauti ya bei.

KAPASITA KABLA YA MOTA

Mota nyingi za feni za viyoyozi vya kawaida, vile visivyo vya inveta, hutumia umeme wa njia moja na hutegemea kapasita. Hiki ni kifaa kidogo cha mraba au cha mviringo kinachoupa umeme wa nyaya za pili za mota mpishano unaoiwezesha kuanza kuzunguka na kuendelea kuzunguka kwa nguvu. Kapasita ikichoka, mota huvuma bila kuzunguka, au huzunguka polepole na kupata moto. Kwa macho dalili hizi ni zile zile za mota iliyokufa.

Tofauti iko kwenye bei. Kapasita ni kitu cha bei ndogo kinachobebeka mfukoni. Kabla ya kukubali kununua mota, mwenye mali ana haki ya kumwambia fundi: "Naomba unipimie kapasita mbele yangu."

Kipimo ni rahisi kwa fundi mwenye multimita inayosoma mikrofaradi. Kapasita ya feni kwa kawaida huwa kati ya 1.5 na 4, na thamani yake imeandikwa ubavuni, pamoja na kiwango cha volti, mara nyingi 450. Karibu nayo huwa ipo nyingine kubwa ya kompresa, yenye mikrofaradi 25 hadi 50 au zaidi. Zisichanganywe. Kapasita iliyoandikwa 2 ikisoma 1.2, imekwisha. Kapasita ikipungua zaidi ya sehemu moja ya kumi ya thamani yake, ni busara kuibadilisha.

Wako mafundi ambao hujaribu kwa kusukuma panga la feni kwa kijiti wakati umeme uko wazi. Feni ikishika na kuendelea, wanasema ni kapasita. Hoja yenyewe ina ukweli, lakini njia ni ya hatari kwa mkono na kwa jicho, na haina sababu pale mita ipo.

KUPIMA MOTA YENYEWE

Kapasita ikiwa nzima, ndipo mota inapimwa. Umeme ukiwa umezimwa, zungusha panga kwa mkono. Likizunguka kwa urahisi bila kelele, beringi zinafaa. Likikwama, likikwaruza au likicheza juu na chini, beringi zimekwisha.

Kisha nyaya. Mota ya kawaida ya aina hii hutoa nyaya tatu. Fundi hupima ukinzani kati ya kila mbili. Tuseme jozi ya kwanza inasoma omu 250 na ya pili omu 300. Jozi ya tatu inapaswa kusoma jumla yake, yaani karibu 550. Hesabu hiyo ikikubali, nyaya za ndani hazijakatika. Mita isiposoma kitu kwenye jozi yoyote, waya umekatika au kinga ya joto iliyo ndani ya mota imefunguka. Iache mota ipoe kabisa kisha pima tena kabla ya kuihukumu. Mwisho, pima kila waya na mwili wa mota. Hapo mita haitakiwi kusoma kitu. Ikisoma, umeme unavuja na mota hiyo haifai tena.

Kuna hali ya tatu ambayo husahaulika. Kapasita ni nzima, mota ni nzima, lakini umeme haufiki. Panya ametafuna waya, kiunganishi kimeungua, au kadi ya umeme ina kasoro. Katika hali hiyo mota mpya haitazunguka pia, na duka halitakubali kuirudisha kwa kuwa imeshafungwa.

JIHADHARI NA GESI

Hapa tuseme wazi jambo linalowagharimu wengi. Mara nyingi mwenye mali husikia: "Bosi, gesi imekwisha, tujaze." Chumba hakipoi, na maelezo ya gesi ni rahisi kuaminika.

Gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha kama mafuta ya gari. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Ikipungua maana yake kuna mahali inavuja, na pavujapo pasipozibwa, gesi mpya itafuata ile ya zamani. Zaidi ya hayo, kubadilisha mota ya feni hakuhitaji kufungua mabomba ya gesi hata kidogo. Ukiona feni haizunguki na bili ya fundi ina mstari wa gesi, uliza sababu ya mstari huo kabla ya kulipa.

KIBAO CHA MOTA NDIYO HATI YA UNUNUZI

Tukubali sasa kwamba mota imekufa kweli. Kutoka Songea hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900 kwa barabara kupitia Njombe, Makambako na Iringa. Mbeya ni karibu zaidi, lakini chaguo la vipuri huko si sawa na la Kariakoo. Kipuri kisichopatikana mjini huagizwa kwa simu na kuletwa kwa basi. Kikija kisichofanana, hurudi kwa basi, na siku zinahesabika.

Ndiyo maana tunasema kibao kilichobandikwa kwenye mota ya zamani kina thamani kuliko jina la kampuni lililo kwenye kasha la kiyoyozi. Kifute vumbi, kipige picha, na umtumie muuzaji pamoja na mambo haya:

1. Volti na mizunguko ya umeme. Umeme wa Tanzania ni volti 230 na Hz 50.

2. Nguvu kwa wati, na mkondo kwa ampea. Mota dhaifu kuliko ya awali itaungua. Yenye nguvu kupita kiasi inaweza isikae mahali pake.

3. Kasi kwa dakika. Mota ya ncha sita kwenye Hz 50 ina kasi ya kinadharia ya mizunguko 1,000 kwa dakika, na kazini huzunguka karibu na 850 hadi 950. Ya ncha nne huenda hadi karibu 1,400. Panga lililotengenezwa kwa kasi ndogo likifungwa kwenye mota ya kasi kubwa litapiga kelele na kuilemea mota.

4. Mwelekeo wa kuzunguka. Mota ikizunguka kinyume, hewa haipiti kwenye mapezi inavyotakiwa na kiyoyozi hakipoi, ingawa kwa macho feni inafanya kazi.

5. Kipenyo na urefu wa shafti, umbo lake, na umbali kati ya matundu ya skrubu. Pima kwa rula na upige picha rula ikiwa palepale.

6. Thamani ya kapasita inayodaiwa na kibao. Agiza kapasita mpya pamoja na mota. Kapasita kubwa kupita kiasi huchemsha nyaya za mota. Ndogo huifanya ikose nguvu.

7. Idadi ya nyaya. Hili lina maelezo yake hapa chini.

MOTA ZA INVETA NI SOKO JINGINE

Viyoyozi vya inveta vimeenea kwa sababu hutumia umeme kidogo. Katika vingi, mota ya feni ya nje ni ya umeme mnyoofu na haina kapasita kabisa. Huwa na nyaya tano: mbili za kulisha volti 300 na zaidi, moja ya volti 15, moja ya amri kutoka kwenye kadi na moja ya kurudisha taarifa za kasi.

Mota hizi haziingiliani na zile za kawaida. Kufunga ya kawaida mahali pa ile ya inveta hakuwezekani bila kuharibu utaratibu wa mashine. Kupima nyaya zake kwa njia tuliyoeleza juu pia hakuna maana, kwa sababu ndani yake kuna kadi ndogo ya umeme. Aidha, kadi ya inveta hubaki na umeme hatari kwa dakika kadhaa baada ya kuzimwa. Kazi hiyo iachiwe fundi aliyesomea, naye anunue kwa namba kamili ya kipuri.

MITEGO YA DUKANI

Vipuri vilivyotumika huuzwa kwa bei ya kuvutia, na vingine ni vizuri. Lakini mnunuzi aangalie mashine ilitoka wapi. Falme za Kiarabu zinatumia Hz 50 na volti zinazokaribiana na zetu. Saudi Arabia inatumia Hz 60. Marekani inatumia Hz 60, na vifaa vyake vingi vya nyumbani ni vya volti 120. Japani ni volti 100. Mota ya Hz 60 ikiwekwa kwenye umeme wetu huzunguka taratibu kuliko ilivyokusudiwa na hupata moto zaidi. Muuzaji akisema "inafanya kazi, jaribu", jibu liwe: "Nioneshe kibao."

Mtego wa pili ni bidhaa bandia. Mota yenye kibao kisichosomeka, kapasita nyepesi kupita kawaida, au maandishi yenye makosa, ni dalili mbaya. Shirika la Viwango (TBS) na Tume ya Ushindani wana kazi ya kupambana na bidhaa za namna hiyo, lakini mnunuzi asiye na risiti hana pa kuanzia. Dai risiti ya EFD yenye jina la kipuri, na uandikiwe muda wa dhamana. Dhamana ya mdomo haisafiri kilomita 900.

KUSUKA AU KUNUNUA?

Mafundi wa kusuka mota wapo, na kwa mota kubwa za mashine za kusaga au pampu kazi yao huokoa fedha nyingi. Kwa mota ndogo ya feni hesabu ni tofauti. Waya ni mwembamba, kazi ni ya muda mrefu, na gharama inaweza kukaribia bei ya mota mpya.

Mota zenye mwili wa bati hufunguka, na kama kasoro ni beringi tu, kubadilisha beringi ni uamuzi mzuri. Namba ya beringi imeandikwa ubavuni mwake. Zilizomiminiwa plastiki ngumu hazikutengenezwa kufunguliwa.

Ukiamua kusuka, uliza swali moja: je, kinga ya joto itarudishwa? Kifaa hicho kidogo kilichofichwa ndani ya nyaya hukata umeme mota ikichemka. Kikirukwa, mota iliyokwama inaweza kuendelea kuchemka hadi ishike moto, tena ukutani mwa nyumba yenye wageni waliolala.

KAZI YA KUFUNGA

Msomaji asiye fundi haelekezwi hapa kufanya kazi hii peke yake. Anaelezwa ili ajue kinachofanyika, na aweze kusimama pale akaona.

Umeme uzimwe kwenye swichi kuu, si kwa rimoti. Kapasita zitolewe umeme uliobaki kwa kutumia rizista, siyo kwa kugusanisha bisibisi. Waya zipigwe picha kabla ya kuguswa, kwa kuwa rangi za nyaya hutofautiana kati ya watengenezaji na haziaminiki.

Nati inayoshika panga katika mashine nyingi hufunguka kinyume cha nati za kawaida, yaani kwa kuzungushwa kulia. Anayelazimisha kushoto huikaza zaidi, kisha huvunja panga. Panga lenyewe livutwe kwa mikono miwili, lisigongwe kwa nyundo. Panga lililopinda hata kidogo litatikisa mota mpya na kumaliza beringi zake mapema.

Mota mpya ikishafungwa, waya zielekee chini kabla ya kuingia kwenye kasha ili maji ya mvua yadondoke badala ya kuufuata waya. Panga lizungushwe kwa mkono kuona kama halisuguani na kava. Kisha mashine iwashwe kwa dakika 15 hadi 20, fundi apime ampea na alinganishe na kibao. Ampea zikizidi kibao, kazi haijaisha. Fundi asilipwe yote kabla ya kipimo hiki.

HESABU YENYEWE

Tuchukue nyumba ya wageni. Namba zifuatazo ni za mfano tu, si bei za soko. Kila msomaji aweke zake.

Tuseme chumba chenye kiyoyozi kinalipiwa Sh 40,000 na kisicho nacho Sh 25,000. Tofauti ni Sh 15,000 kwa usiku. Mota ni Sh 70,000, kapasita Sh 10,000, usafirishaji Sh 10,000 na ufundi Sh 30,000. Jumla ni Sh 120,000. Chumba kikipata wageni kila siku, fedha hiyo inarudi kwa usiku nane.

Sasa tuseme mota imeagizwa bila kutazama kibao na imekuja isiyofanana. Kuirudisha na kuletewa nyingine ni Sh 20,000, na siku nne zimepotea, yaani Sh 60,000. Hasara ni Sh 80,000, zaidi ya bei ya mota yenyewe. Picha moja ya kibao ingeizuia.

Upande mwingine, tuseme kasoro ilikuwa kapasita. Gharama ingekuwa Sh 10,000 na ufundi. Aliyenunua mota pale amelipia mara kadhaa ya tatizo lake.

Kuna pia gharama isiyoonekana, ya umeme. Kiyoyozi cha BTU 12,000 kisicho cha inveta huvuta takriban kilowati 1.1 kompresa ikiwa kazini. Kikifanya kazi saa nane bila kupumzika kwa sababu feni ni dhaifu, kitatumia uniti 8.8. Kikiwa kizima, na kompresa ikapumzika theluthi moja ya muda huo, kitatumia karibu uniti 5.9. Tofauti kwa siku 30 ni kama uniti 88. Kwa bei ya Sh 292 kwa uniti iliyopangwa mwaka 2016 kwa wateja wa kundi T1, hiyo ni karibu Sh 25,700 kwa mwezi kabla ya kodi na tozo, kwa chumba kimoja. Feni inayozunguka kwa uvivu nayo ni mkopo unaolipwa kwenye LUKU.

LINI USINUNUE MOTA

Mota mpya kwenye mashine inayokufa ni fedha iliyotupwa. Tunashauri mwenye mali ajiulize maswali matatu. Kompresa inasikikaje, na inavuta ampea ngapi? Mapezi ya nje yameoza au bado ni mazima? Na gesi yake ni ipi?

Swali la tatu ni la soko. Viyoyozi vingi vya zamani vinatumia gesi ya R22. Chini ya Mkataba wa Montreal, ambao Tanzania ni mwanachama, nchi zinazoendelea zimekubali kupunguza gesi za kundi hilo kwa asilimia 10 kufikia mwaka 2015, asilimia 35 kufikia 2020, asilimia 67.5 kufikia 2025 na asilimia 97.5 kufikia 2030. Kipimo hicho kinasema wazi kwamba R22 itazidi kuwa adimu. Mashine ya R22 ambayo haivuji na kompresa yake ni nzima inastahili mota ya bei nafuu ili imalize siku zake. Ile inayovuja na kuhitaji mota pia, iachwe.

Kanuni tunayopendekeza: jumla ya matengenezo yote yanayojulikana ikizidi nusu ya bei ya kiyoyozi kipya kilichofungwa, na mashine ni ya zamani, anza kukusanya fedha za mpya. Ikiwa chini ya robo na kompresa ni nzima, tengeneza. Kati ya hapo, uamuzi utegemee mapato ya chumba.

VUMBI NA UMEME

Mota hufa kwa sababu. Asiyeitafuta sababu atanunua nyingine.

Sababu ya kwanza ni vumbi. Magari ya makaa ya mawe kutoka Ngaka wilayani Mbinga yamekuwa yakipita Songea, na kiangazi udongo mwekundu haumwachi mtu. Mapezi yakijaa, feni husukuma bila kupitisha hewa, kasha huchemka na mota pamoja nalo. Yaoshwe kwa maji ya msukumo mdogo kabla ya Oktoba na tena baadaye kwa walio kando ya barabara, umeme ukiwa umezimwa.

Sababu ya pili ni umeme kushuka. Hadi mwaka 2018, Songea ilitegemea mitambo ya dizeli. Mwaka huo mji uliunganishwa na Gridi ya Taifa kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako. Hata hivyo volti zinazofika kwenye soketi hutegemea pia transfoma ya mtaa na urefu wa waya hadi nyumbani. Nguvu ya mota ya aina hii hufuata mraba wa volti. Mota ya volti 230 ikipewa 180 inabaki na kama asilimia 61 tu ya nguvu yake ya kuzungusha. Mtaa ambao taa hufifia jioni unahitaji kifaa cha kukata umeme unaposhuka au kupanda, na chenye kusubiri dakika tatu hivi kabla ya kuurudisha, ili kompresa isianze ikiwa na msukumo wa gesi ndani.

KWA MWENYE MTAJI MDOGO

Msomaji anayetafuta biashara na aone hapa nafasi. Anayeuza vipuri mjini hahitaji kujaza duka kwa mota. Aanze na kapasita za thamani zinazotumika sana, ambazo hazili nafasi wala mtaji. Kisha aorodheshe viyoyozi vya wateja wake kwa namba za vibao, na anunue mota mbili tatu za aina zinazojirudia zaidi. Mota iliyokaa rafu mwaka mzima ni mtaji uliolala. Orodha ya vibao haigharimu kitu.

Fundi naye, hasa mwenye cheti cha VETA cha majokofu na viyoyozi, anaweza kuuza huduma ya kuosha na kupima mwezi Septemba kwa bei ya jumla kwa nyumba nzima ya wageni. Mteja hupata utulivu msimu wa wanunuzi, na fundi hupata kazi kabla ya msimu wa haraka.

Kwa wenye viyoyozi, kazi ya wiki hii ni ndogo. Zima mashine, mwite fundi afungue kava, piga picha vibao vya mota na vya kapasita za mashine zote ulizonazo, na uzihifadhi pamoja na risiti. Oktoba ikifika na feni moja ikasimama, utakuwa na la kumwambia muuzaji kabla basi la jioni halijapakia mzigo.